Makao ya bati ndani ya almasi: uchambuzi wa kipimo kimoja cha ISOLDE

Mwaka 2020 kundi la wanafizikia, Ulrich Wahl akiwa mwandishi wao wa kwanza, lilichapisha katika jarida la Physical Review Letters jibu la swali linaloonekana dogo: atomi ya bati ikirushwa kwa kasi ikazama ndani ya almasi, inatua wapi hasa? Kipimo kilifanywa ISOLDE, kituo cha isotopu zenye mnururisho kilichomo ndani ya CERN, maabara ya Ulaya ya fizikia ya chembe iliyo karibu na jiji la Geneva. Jibu lao lilikuwa na namba mbili. Karibu asilimia 40 ya atomi za bati zilikutwa zimekaa mahali pamoja mahususi, katikati kabisa ya makao mawili ya kaboni yaliyoachwa wazi, na zilikutwa hapo mara tu baada ya kupandikizwa, kabla almasi haijapashwa moto wa aina yoyote. Almasi hiyo ilipopashwa moto hadi nyuzi 920 za Selsiasi, sehemu hiyo ikawa karibu asilimia 30.

Namba ya kwanza iliwashangaza hata wapimaji wenyewe. Ya pili inakwenda kinyume na mazoea ya watengenezaji, ambao huuchukulia moto kuwa ndiyo hatua inayojenga vituo vya aina hii ndani ya almasi, yaani atomi ngeni na mapengo ya kaboni yanayotoa mwanga kwa pamoja. Nimekichagua kisa hiki kwa sababu kinatenganisha vizuri mambo mawili ambayo maandishi mengi huyachanganya, yaani kujua kwamba atomi ngeni imo ndani ya fuwele, na kujua imekaa wapi humo ndani.

Ni vema kuanza na nyumba kabla ya mgeni. Kaboni ina maumbo kadhaa, na kila umbo lina nafasi zake. Katika grafiti atomi zimepangwa katika tabaka bapa; ndani ya tabaka moja majirani wameachana kwa nanomita 0.142, lakini kutoka tabaka hadi tabaka ni nanomita 0.335, kwa hiyo upo upenyo ambao atomi ngeni huweza kujiingiza, kama ambavyo litiamu hufanya kila betri ya simu inapochajiwa. Almasi haina upenyo wa namna hiyo. Kila atomi ya kaboni imeshikwa na majirani wanne, kila mmoja kwa umbali wa nanomita 0.154, na sentimita moja ya ujazo hubeba atomi zipatazo 1.76 × 10²³. Bati, kwa upande wake, ni atomi nene: nusu kipenyo chake katika vifungo vya kikemia ni takriban nanomita 0.14, wakati kaboni haifiki 0.08. Anayelipandikiza bati ndani ya almasi ni kama anayetaka kuingiza gunia mahali palipojengwa kwa ajili ya kikapu.

Likishaingia kwa nguvu, bati lina njia chache za kukaa. Linaweza kushika makao ya atomi moja ya kaboni iliyong'olewa, likawasukuma majirani wote wanne. Linaweza kubanwa kati ya makao, mahali ambapo fuwele haikumwekea mtu nafasi. Au linaweza kupata mapengo mawili yaliyopakana na kujiweka katikati yake, pale ambapo zamani palikuwa na kifungo kati ya kaboni mbili. Hali hii ya tatu huitwa pengo lililogawanyika, kwa sababu ukiitazama huoni tena atomi iliyo kando ya pengo, bali unaona atomi iliyo katikati na nusu ya pengo kila upande. Mahesabu ya nadharia yalikuwa yamekwisha kuipendelea hali hiyo kwa silikoni, jerimani, bati na risasi, ambazo zote ni ndugu za kaboni katika safu moja ya jedwali la elementi na zote ni nene kuliko yeye.

Upendeleo huo haukuwa jambo la vitabuni tu. Mwaka 2017 makundi mawili tofauti, moja la Japani na jingine la Italia, yalionyesha kwamba almasi iliyopandikizwa bati hutoa mwanga wa fotoni moja moja kutoka kwenye vituo vyenye bati na pengo, mwanga mwekundu wenye urefu wa wimbi wa takriban nanomita 620. Vituo vya namna hii vinatafutwa sana na wajenzi wa mitandao ya kwanta. Sababu ya kulitafuta bati badala ya silikoni, ambayo ilijulikana zamani zaidi, iko kwenye baridi. Hali ya chini ya elektroni katika kituo cha silikoni imegawanyika katika ngazi mbili zilizoachana kwa takriban gigahezi 50 tu, hivyo mitetemo midogo kabisa ya fuwele huivuruga, na anayetaka spini yake, yaani usumaku mdogo wa elektroni, idumu hana budi kuipoza hadi sehemu ya kumi hivi ya kelvini, kazi inayohitaji mitambo ya gharama kubwa. Katika bati mgawanyiko huo ni takriban gigahezi 850, na kelvini moja au mbili zinatosha. Faida nyingine, inayogusa moja kwa moja swali letu, ni ulinganifu. Atomi iliyo katikati kabisa ya mapengo mawili huona kitu kilekile mbele na nyuma, na kwa sababu hiyo kelele za umeme zilizomo ndani ya fuwele haziyumbishi sana rangi ya mwanga wake. Ikisogea kutoka katikati, faida hiyo inapungua. Mahali ilipo atomi, basi, ndipo inapotokea sifa inayotafutwa.

Msomaji anaweza kuuliza: kama mwanga ulikwisha kuonekana, na mwanga huo una alama zote za kituo chenye ulinganifu, kulikuwa na haja gani ya kipimo kingine? Haja ilikuwepo, nayo ni ya kihesabu. Mwanga huhesabu vituo vinavyong'aa peke yake. Atomi ya bati iliyokaa mahali pasipofaa haitoi mwanga huo, na hata iliyokaa mahali panapofaa inaweza kunyamaza ikiwa chaji yake si sahihi au ikiwa kuna uharibifu jirani unaoinyonya nishati. Kwa hiyo mtu anayehesabu kwa mwanga anajua idadi ya waliojibu wito bila kujua waliobaki kimya ni wangapi, wala kwa nini wako kimya. Akipata vituo vichache baada ya kurusha ioni nyingi, hawezi kusema kama tatizo ni kwamba bati halikufika mahali pake au kwamba lilifika na bado halikung'aa. Tiba za matatizo hayo mawili ni tofauti kabisa.

Kilichohitajika ni njia ya kuzihesabu atomi zote za bati, zinazong'aa na zisizong'aa, kwa kigezo cha mahali tu. ISOLDE ilikuwa na njia hiyo.

Kituo hicho kimekuwa kikifanya kazi tangu 1967, na tangu 1992 kinapata protoni zake kutoka kwenye kichapuzi kidogo kiitwacho PS Booster. Protoni hugonga shabaha, ambayo kwa kazi kama hii huwa ni kabidi ya urani iliyopashwa moto mkali; viini vya urani huvunjika katika vipande vya kila aina, vipande hivyo huvuja kutoka kwenye shabaha kama mvuke, leza zilizopangwa kwa rangi maalumu huzing'oa elektroni kutoka kwenye atomi za elementi inayotakiwa pekee, kisha sumaku huchagua uzito unaotakiwa. Kinachotoka mwishoni ni mwali wa ioni za isotopu moja. Katika kisa hiki isotopu ilikuwa bati-121, na mwali ulikuwa na nishati ya kiloelektronivolti 60. Katika almasi, nishati hiyo huipeleka ioni ya bati umbali wa makumi machache tu ya nanomita chini ya uso.

Bati-121 lina mnururisho. Nusu ya atomi zake hubadilika kuwa antimoni katika muda wa saa 27, na kila moja inapobadilika hutoa elektroni moja yenye nishati isiyozidi kiloelektronivolti 400 hivi. Elektroni hiyo ndiyo shahidi. Inaanza safari mahali palepale ilipokuwa atomi ya bati, na njia itakayofuata ili kutoka nje ya fuwele inategemea imeanzia wapi.

Aliyewahi kusafiri kwa basi kando ya mashamba ya mkonge ya mkoa wa Tanga ataelewa haraka. Shamba likitazamwa ovyo huonekana kama kichaka, lakini basi linapofika mahali fulani safu zote hufunguka kwa mara moja, macho yakapita hadi mwisho wa shamba; mita chache mbele njia hufungika tena. Fuwele ina safu za namna hiyo, ila zinaelekea pande nyingi zaidi. Sasa, elektroni ina chaji hasi na viini vya kaboni vina chaji chanya, kwa hiyo safu ya viini huivuta elektroni na kuiongoza ifuate urefu wake. Elektroni iliyozaliwa juu ya safu huelekea kutoka nje sambamba na safu hiyo, na kigunduzi kilichowekwa upande huo kitaona kilele cha elektroni. Iliyozaliwa katikati ya uwazi, mbali na safu yoyote, haipati uongozi huo, na upande uleule kigunduzi kitaona upungufu badala ya kilele. Mbinu hii inaitwa mbinu ya mifereji ya utoaji, ingawa neno mfereji linaweza kumpotosha msomaji: kwa elektroni mfereji ni safu yenyewe ya atomi, na si uwazi ulio kati ya safu.

Kigunduzi ambacho kundi hili hukitumia kwa kazi za namna hii ni kipande cha silikoni kilichogawanywa katika vidirisha 22 kwa 22, kikiwekwa sentimita 30 hivi kutoka kwenye sampuli. Kila kidirisha huhesabu elektroni zinazokiangukia, na matokeo yake ni picha ya mraba yenye maeneo ya wingi na ya uhaba. Fuwele huzungushwa ili picha ipigwe kuelekea mihimili kadhaa mikuu. Kisha huja kazi ya kompyuta: kwa kila mahali ambapo bati lingeweza kukaa, inahesabiwa picha ambayo ingetokea, na picha zilizohesabiwa huchanganywa kwa uwiano mbalimbali mpaka mchanganyiko ufanane na picha iliyopimwa. Uwiano wenyewe ndio jibu.

Hapa ndipo jiometria inapofanya kazi kubwa, na inafaa tukae nayo kidogo. Atomi iliyoshika makao ya kawaida ya kaboni huonekana iko juu ya safu kutoka upande wowote ule, maana safu zote zimejengwa kwa makao hayo. Atomi iliyo katikati ya kifungo haina sifa hiyo. Vifungo vya almasi huelekea pande nne, zote za jamii ya mhimili uendao kona hadi kona ya mchemraba wa fuwele, unaoandikwa <111>. Ukitazama fuwele kwa mmoja wa mihimili hiyo, robo moja ya vifungo inaelekea kwako moja kwa moja, kwa hiyo robo ya atomi za bati zilizo katikati ya vifungo zitaonekana zimesimama juu ya safu. Robo tatu zilizobaki zitakuwa kando ya safu kwa nanomita 0.07 hivi. Ukigeuza fuwele na kutazama sambamba na ukingo wa mchemraba huo, yaani kwa mhimili wa <100>, hakuna hata moja iliyo juu ya safu: zote zimehama kwa nanomita 0.063. Kwa elektroni za nishati hii, umbali huo unatosha kubadilisha picha kwa namna inayotambulika. Mahali pale pale panatoa ushahidi tofauti kwa kila mhimili, na dhana isiyo sahihi inaweza kufanana na picha ya mhimili mmoja lakini ikashindwa kwenye mihimili mingine. Ndiyo sababu sioni kwamba matokeo haya ni tafsiri moja miongoni mwa nyingi zinazowezekana.

Kuna jambo la kipimo ambalo msomaji wa haraka anaweza kuliruka, nalo ni dozi. Waliopima walitumia ioni 2 × 10¹² kwa kila sentimita ya mraba. Ukigawanya utapata ioni moja kwa kila nanomita 50 za mraba, yaani kama uso wa almasi ungegawanywa katika viwanja vya nanomita saba kwa saba, kila kiwanja kingepata ioni moja. Dozi hii ni ndogo, na udogo wake una maana. Kila ioni ya bati inayoingia huacha nyuma yake njia ya uharibifu, kaboni zilizong'olewa kwa mamia, na almasi ikiharibiwa kupita kiasi haijirekebishi: mapengo yakikaribia 10²² kwa sentimita ya ujazo, moto huigeuza sehemu hiyo kuwa grafiti badala ya kuirudisha kuwa almasi. Kwa dozi iliyotumika, hata tukikisia mapengo mia kadhaa kwa kila ioni yakitawanyika katika unene wa nanomita 40, tunapata kiasi cha 10²⁰ tu, mara mia hivi chini ya kikomo. Njia nyingine za kutafuta mahali pa atomi, kama ile ya kurusha ioni za heliamu na kuhesabu zinazorudi nyuma, kwa kawaida huhitaji bati jingi zaidi ili lionekane. Katika hali hiyo kipimo kinaanza kuivuruga nyumba ambayo ndiyo inayochunguzwa. Mnururisho unatatua tatizo hilo kwa kuwa kila atomi inayobadilika hujitangaza yenyewe. Tukichukulia doa la milimita moja ya mraba, dozi hiyo ni atomi bilioni 20, na kwa nusu maisha ya saa 27 hiyo ni mabadiliko kama 140,000 kwa sekunde mwanzoni, idadi ya kutosha kabisa kujenga picha.

Saa 27 pia ni muda wenye nafasi. Bati linaweza kupandikizwa, likapimwa kwa mihimili yote, almasi ikapashwa moto, kisha ikapimwa tena kabla mnururisho haujafifia. Bila nafasi hiyo namba ya pili, ile ya asilimia 30, isingepatikana kwenye sampuli ileile.

Turudi kwenye namba zenyewe. Namba ya kwanza inashangaza kwa sababu ya jinsi tulivyozoea kituo cha nitrojeni, ambacho ndicho mashuhuri kuliko vyote katika almasi. Nitrojeni ni ndogo, inatosha vizuri katika makao ya kaboni, na baada ya kupandikizwa haina sababu ya kuwa na pengo jirani. Mapengo yapo, lakini katika joto la chumba hayatembei. Hadi fuwele ipashwe moto kupita nyuzi 600 hivi ndipo yanapoanza kutangatanga, na baadhi yao hukutana na nitrojeni na kufanya kituo. Kwa nitrojeni iliyopandikizwa kwa nishati ndogo, wanaobahatika kukutana ni asilimia chache tu. Kutokana na mazoea hayo, mtu angetarajia kwamba bati nalo lingehitaji moto ili mapengo yalifikie.

Kipimo kinasema bati halikungoja. Maelezo yanayoniingia akilini, na yanayopatana na mahesabu ya nadharia, yamo katika unene wa bati na katika ghasia za mwisho wa safari yake. Ioni nzito inapopunguza mwendo huigonga kaboni moja baada ya nyingine, na palepale inaposimama pamejaa makao yaliyotoka kuachwa wazi. Bati likitua kwenye pengo moja huku kaboni jirani nayo ikiwa imeng'olewa, halihitaji kusafiri wala kungoja pengo lisafiri. Linahitaji tu kusogea nusu ya kifungo, nanomita 0.08, hadi katikati. Kwa atomi iliyobanwa kiasi hicho, hatua hiyo ni ya kushuka mlima. Kituo kinajengwa na tukio lilelile la kupandikiza. Nitrojeni haiwezi kufanya hivyo, kwa kuwa hata ikiwa na pengo jirani hubaki katika makao yake, ikiliacha pengo kando.

Namba ya pili inahitaji uangalifu zaidi, na hapa natoa maoni yangu kuliko kuripoti. Kushuka kutoka karibu 40 hadi karibu 30 si kukubwa mno, na mtu anaweza kushawishika kukupuuza. Hata hivyo mwelekeo wake unafaa kuzingatiwa. Katika nyuzi 920 mapengo yanatembea, na pengo linalotembea halijui kama bati linaloliendea limekwisha kamilika au bado. Likilifikia bati ambalo lina mapengo yake mawili tayari, linaweza kuungana nalo na kufanya mkusanyiko mkubwa zaidi, na ulinganifu unaharibika; bati linatoka katikati. Moto ambao kwa nitrojeni ni mjenzi, kwa bati unaweza kuwa mjenzi na mbomoaji kwa wakati mmoja. Jambo hili lingebadilisha swali la mtengenezaji, kwani asingeuliza tena jinsi ya kukiunda kituo kwa moto, bali jinsi ya kuponya majeraha ya almasi iliyobaki bila kukivuruga kituo kilichokwisha kuundwa.

Hilo halina maana kwamba moto uachwe. Baada ya kupashwa moto, almasi ilitoa mwanga ambao katika mpangilio wa rangi ulionekana kama mstari wa nanomita 621 wenye upana wa nanomita 2.3 tu, ukiwa na umbo lililokaribia kabisa lile liitwalo la Lorentz, kilele chembamba chenye miguu mirefu. Kwa mstari uliokusanya mwanga wa vituo vingi kwa pamoja, huo ni wembamba wa kipekee, na umbo hilo linaonyesha kwamba vituo vilikuwa vikiishi katika mazingira yanayofanana. Kama kila kimoja kingebanwa kivyake, mstari ungepanuka na kuchukua umbo jingine. Wajapani wa mwaka 2017 walikwenda mbali zaidi, wakatumia zaidi ya nyuzi 2000 chini ya shinikizo kubwa mno, ili kusafisha uharibifu unaobaki. Moto una kazi yake, basi, lakini kazi hiyo ni ya kuponya ujirani. Kosa ni kuuhesabia pia sifa ya kuleta bati mahali pake.

Upo mpaka wa kipimo hiki ambao hauna budi kutajwa waziwazi. Elektroni inasema atomi ilikuwa wapi; haisemi chaji ya kituo ilikuwa ngapi. Mwanga wa nanomita 620 hutoka kwenye kituo chenye chaji hasi moja, na bati lililokaa sawasawa katikati ya mapengo mawili lakini lenye chaji nyingine halitatoa mwanga huo. Asilimia 30 ni idadi ya nyumba zilizojengwa vizuri. Zenye taa ni sehemu yake, na ukubwa wa sehemu hiyo unategemea nitrojeni, boroni na kasoro nyingine zilizomo katika almasi husika. Almasi iliyotumika hapa ilikuwa ya asili, na almasi za asili hazifanani. Mtu akichukua asilimia 30 na kuiita mavuno ya vituo vinavyong'aa, amekisoma kipimo vibaya.

Kuhusu grafiti, ambayo nimeitaja mwanzoni, mbinu hii ingebanwa na fuwele yenyewe. Grafiti ya maabara iliyopangwa vizuri kabisa huwa na tabaka zake zikielekea upande mmoja, lakini vipande vyake vidogo vimezungushwa ovyo ndani ya tabaka. Kuna mhimili mmoja tu wa kutazama, na mhimili mmoja hautoshi kumtofautisha aliye hapa na aliye pale. Almasi kwa hiyo si kielelezo cha kaboni yote. Ni umbo lake linalokubali kuulizwa swali hili.

Kilichofuata kinaonyesha kwamba bati halikuwa la pekee. Mwaka 2023 yalichapishwa matokeo ya magnesi, nayo yalipimwa ISOLDE kwa mbinu hiyohiyo. Magnesi-27 ina nusu maisha ya dakika tisa na nusu, kwa hiyo hakukuwa na nafasi ya kupandikiza leo na kupima kesho: ilibidi kuhesabu huku mwali ukiendelea kuingia, mara moja kwa almasi iliyo katika joto la chumba na mara nyingine kwa iliyopashwa moto hadi nyuzi 800. Asilimia 30 hadi 42 ya magnesi ilikutwa mahali panapolingana na pengo lililogawanyika, na asilimia 13 hadi 17 katika makao ya kawaida ya kaboni. Magnesi si ndugu wa kaboni katika safu ya jedwali, na kikemia haifanani na bati. Wanachoshirikiana ni unene. Kwa maoni yangu huo ni ushahidi mzito kwamba kinachoamua hapa kwa sehemu kubwa ni nafasi, na kwamba kemia inakuja baadaye, katika chaji na rangi.

Kwa anayejenga kifaa, namba hizi zinageuka kuwa hesabu ya ioni moja moja. Tuseme anataka kituo kimoja mahali fulani, na kila bati analorusha lina nafasi ya asilimia 30 ya kukaa sawasawa. Akirusha ioni moja, mara saba katika kumi atapata kiwanja kisicho na kituo. Akirusha tatu, uwezekano wa kupata angalau kituo kimoja ni asilimia 66, lakini wa kupata kimoja tu bila kuzidi ni 44, na ioni mbili za ziada zimemwachia uharibifu ambao atahitaji moto kuuponya, moto ambao huenda ukagusa namba ileile aliyoanza nayo.